Njia Iliyokunywa Kwanza

Mizani haikubali neno "wachache." Nililiandika mara mbili, mara ya kwanza kwa uzembe na mara ya pili kwa ukaidi, na mara zote kioo kikanichorea mstari mwekundu kikadai tarakimu. Upande wa pili wa meza, mjomba wangu Umuro alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo yake katikati ya magoti, akiitazama chai niliyompa ikipoa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kunifikia. Mimi nilikuwa nimetoka kitandani tu.

"Mjomba, mashine inataka kujua ni ngamia wangapi."

"Si nimekwambia? Wachache tu. Mungu ametuachia wachache."

"Wachache kama wangapi?"

Aliinua macho akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeingia nyumbani kwa watu na matope miguuni, akingoja ajione mwenyewe. Nikajiona.

Sisi Wagabra hatuhesabu mifugo kwa mdomo. Mchungaji anamjua kila mnyama kwa jina, kwa mama yake na kwa alama ya sikio, na akikosekana mmoja jioni atajua kabla hajaketi. Lakini idadi haitamkwi, kwa kuwa mali iliyotajwa kwa tarakimu imeshafunguliwa mlango wa kupungua. Hilo nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kisha nikaenda chuo, nikasomea udongo miaka mitano, nikarudi na sare ya kijani na cheo cha Msimamizi wa Ngozi, na ufunguo wa lango shingoni. Niliamini kwamba naweza kuwa watu wawili kwenye kiti kimoja.

Nje ya dirisha ardhi ya umma ilianza palepale kwenye kamba yetu, ikaenda magharibi kilomita tisa bila kichaka. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kambini. Weusi huo ndio Ngozi: kuvu, mwani na bakteria waliofunzwa maabara kushikana mikono juu ya mchanga. Unene wake haufiki kidole. Usiku hunywa umande, alfajiri huwa laini na ya kijani, jua likipanda hujifunga, ikalala, ikawa ngumu na dhaifu kama biskuti. Chini yake kuna unga wa mgodi.

Mgodi wenyewe ulifungwa kabla mama yangu hajazaliwa. Walisaga mlima mzima wakitafuta dhahabu, wakamwaga mabaki yake kwenye mabwawa ya tope, wakasema maji yatalifunika tope hilo milele. Huenda waliamini. Mvua zikapungua, zikakatika, mabwawa yakakauka, na tope likawa unga wenye sumu ya aseniki, mwepesi kuliko unga wa ngano. Upepo wa kusini-magharibi ukauchukua, na mji wa Eldalacha uko kaskazini-mashariki. Nimezaliwa katika miaka ya vumbi. Nilifundishwa kufunga leso puani kabla ya kufundishwa kusalimia, na dada yangu mkubwa alikufa na viganja vilivyoota magamba kama vya kenge. Ngozi ilipomwagwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne, na mwaka uliofuata ndipo nilipoona watu wakianika nguo nyeupe nje.

Ndiyo maana haikanyagwi. Binadamu huvuka kwa viatu vya ubao, vipana kama masinia, ambavyo kituo huviacha pande zote mbili. Gari letu, Kobe, lina matairi ya mpira laini yanayopita juu bila kuacha alama. Mnyama huvuka kwa idhini ya Mizani tu, alfajiri wakati Ngozi ni laini, kwa mstari mmoja, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Mizani hupima umande, upepo na idadi ya kwato, kisha hutoa rangi. Hadi ngamia mia moja na kumi, njia hujiponya kwa umande peke yake. Zaidi ya hapo Ngozi hutoboka, na unga ukiona jua hakuna anayeweza kuurudisha kitandani.

"Wana siku ngapi bila maji?" nikauliza.

"Kumi na saba. Visima vya magharibi vyote vimekauka. Nikizunguka ni siku nne, na mama wenye ndama hawatazimaliza. Nikivuka, ni asubuhi moja." Alinywa chai mara moja, akaimaliza. "Darmi, watoto kambini wanaishi kwa maziwa. Unajua."

Nilijua. Nilijua pia namna ya kupata idadi bila kumwaibisha mzee. Anayetaka kujua ukubwa wa zizi huenda jioni, akasalimia, akapewa maziwa, akaketi mlangoni wanyama wakiingia, macho yake yakafanya kazi ambayo mdomo hauruhusiwi. Hakuna anayekasirika kwa hilo. Ningeweza kwenda na Kobe, saa moja na nusu tu kwa mwendo wake. Lakini nilikuwa na ripoti mbili za kuandika na jua lilikuwa kali. Na kwa kweli, kuna kitu ndani yangu kilichopenda kutojua. Nikajitia hamnazo.

Nilikumbuka kundi la mjomba la miaka sita iliyopita, nikapunguza kwa ajili ya ukame, nikaongeza kidogo kwa heshima. Nikaandika sitini.

Kioo kikawa kijani.

"Alhamisi alfajiri," nikamwambia. "Mstari mmoja, kila mmoja afungwe mkiani kwa mwenzake. Upepo mkubwa utaingia Jumamosi mchana, kufikia hapo njia itakuwa imeanza kujifunga. Mkishakunywa mtarudi kwa njia ndefu, polepole."

Mjomba Umuro aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akanibariki kwa maneno mengi kuliko niliyostahili.

*

Alhamisi nilisimama kwenye kamba ya mashariki, karibu na kisima, kabla ya jua. Mjomba ndiye aliyetangulia, fimbo mabegani, viatu vya ubao vikipiga pap, pap. Nyuma yake ngamia wa mizigo, wamebeba miti ya nyumba na watoto wadogo vikapuni. Walitoka juu ya Ngozi mmoja baada ya mwingine, kimya, shingo zimenyooka, maana walishainusa harufu ya maji. Nilifurahi. Lazima niseme kwamba nilifurahi na kujipongeza.

Nikaanza kuhesabu moyoni, kama mwizi. Ishirini. Arobaini. Sitini. Nikatazama mwisho wa mstari ulipo, na mstari haukuwa na mwisho. Ulirudi magharibi, mweusi juu ya weusi, ukapotea kwenye mwanga uliokuwa ukiinuka. Themanini. Mia moja na kumi. Nikashika nguzo ya lango.

Ningewazuia? Wote walikuwa wameshaingia juu ya Ngozi, mwisho wao ukiwa kilomita mbili nyuma. Kuwarudisha ni kuikanyaga njia mara mbili, jua likiwa juu. Kila niliyemwona akinyanyua mguu, nilijua kwamba mguu huo hauwezi kurudi kinyumenyume.

Kufikia mia mbili njia ilikuwa imebadilika rangi. Katikati ya weusi ulitokea mstari wa kijivu, kisha mweupe, na mama wenye ndama walipofika, mstari ukapanuka. Ndama hawafungwi mikiani. Walikuwa wakiyumba huku na huku, wakitafuta kivuli cha mama zao, na kila walipoyumba waliacha tundu. Ndama wa mwisho alipotoka alikuwa na unga mweupe hadi magotini. Nilipoteza hesabu. Nilichukua kitambaa nikampangusa miguu, na nilipomaliza nikaona nimekishika kitambaa kile mbali na mwili kama kitu kinachoungua.

"Mjomba," nikamwita. "Hawa si wachache."

Alikuja akasimama kando yangu, akaitazama njia. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa huku ule weupe ni nini.

"Ulitaka niwahesabu?"

"Niliuliza kwa niaba ya kituo. Ungenijibu kwa niaba ya kundi."

"Nilikuwa nikizungumza na mtoto wa dada yangu!" Sauti yake ilipanda, wanawake wakageuka. "Ungekuja kambini, Darmi. Tulikungoja. Shangazi yako aliosha kibuyu. Nilisema, ameelewa, atakuja mwenyewe kuona. Hukuja, nikasema, basi ameamua kutuamini. Nilijua hiyo mashine yenu imekubali. Mimi nijue nini kuhusu mashine?"

Alisema kweli. Ningekwenda kambini ningeona, na ningeona ningewapelekea maji kwa Kobe, tangi baada ya tangi, na Ngozi isingeguswa. Kosa zima lilikuwa la urefu wa safari ya saa moja na nusu ambayo sikuifanya.

*

Daktari Bosibori wa zahanati ya Eldalacha hupokea redio kwa kuuliza, "Nani mgonjwa?" Siku hiyo nilimwambia ni njia. Nilimweleza yote, na nikamwambia pia kwamba Mizani bado ni kijani, kwa sababu bado inaamini sitini.

"Upepo wa Jumamosi ni wa kasi gani?" akauliza.

"Kilomita sabini kwa saa. Lakini unaweza kupungua. Mwaka jana walitutangazia themanini ukaja arobaini."

"Unaweza kupungua," akasema. Nikasikia mtoto akilalamika karibu naye. "Darmi, nina msichana hapa anaitwa Qabale, ana miaka mitano, amezaliwa baada ya Ngozi. Ana kikohozi cha kawaida tu. Nimemwambia afungue viganja nikavitazama, kwa mazoea. Ni laini. Unajua ni mara ngapi kwa siku navitazama viganja nikakuta ni laini? Sitaki kukuambia la kufanya. Kazi ya lango ni yako. Nakwambia tu ninachokiona."

"Mji unaweza kujifungia ndani?"

"Kwa siku ngapi? Upepo wa msimu huu unakwenda miezi miwili."

Wakati nikizungumza naye nilikuwa tayari nimefanya hesabu, na nilikuwa nimempigia nikitumaini ataivunja. Njia iliyotoboka inaweza kufungwa. Kobe ana tangi la lita elfu moja na bomba la kunyunyizia mbegu za Ngozi. Mbegu ninazo, ghala zima. Lakini mbegu haziamki bila maji, na kwa kilomita tisa, kwa upana ule na kina kile, ni karibu lita elfu kumi na sita. Zimwagwe kabla ya upepo. Maji ya mji huja kwa bomba kila Jumatatu, na matangi yalikuwa yamebaki robo, ya kunywa tu. Kilichobaki ni kisima.

Na kisima cha Eldalacha si kama kilivyoimbwa na bibi zetu. Mgodi ulipochimba shimo lake ulivuta maji ya chini miaka ishirini, mchana na usiku, ili shimo lisijae. Walipoondoka, mvua ya kuyarudisha haikuja tena. Leo pampu ya sola inatoa lita elfu saba kwa siku, kisha inaanza kukohoa mchanga. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hadi adhuhuri ni elfu kumi na saba. Njia inataka kumi na sita. Ngamia mmoja mwenye kiu ya siku kumi na saba hunywa lita themanini na bado hutazama nyuma.

"Ninazo lita elfu tatu kwenye tangi la zahanati," Bosibori akasema. "Chukua. Nitafua mashuka wiki ijayo."

Elfu moja ya kisima na elfu tatu za mashuka. Ni ngamia hamsini.

Nilizima redio, nikakaa. Mwanga wa kijani wa Mizani ulikuwa ukinimulika mkononi. Hakuna mwingine aliyejua. Kilomita mia sita kutoka hapa, wakubwa wangu walikuwa wakiona kijani kilekile. Upepo ungeweza kupungua. Na magamba hayaoti kesho, huota baada ya miaka minane, kumi, na nani atakayekumbuka asubuhi moja ya Alhamisi? Nje nilisikia ndama wakilia, na mlio wa ndama wa ngamia mwenye kiu ni wa kibinadamu kabisa. Wale walikuwa hapa. Wana majina. Watoto wa miaka kumi ijayo hawakuwa wakilia popote.

Nilikaa hivyo kwa muda ambao sitausema. Kisha nikafuta sitini kwenye kioo, nikatoka nje na ufunguo wa pampu.

*

Ndama walikuwa wameshazunguka hori. Mjomba Umuro alikuwa amevua shuka la juu, amekunja mikono, yu tayari kwa kazi ya kunywesha. Ukoo wake ndio uliokichimba kisima kile, mababu saba nyuma. Kwa sheria ya kituo ufunguo ni wangu, kwa sheria ya watu zamu hupangwa na yeye.

Sikumzungusha. "Mjomba, pampu itajaza Kobe kwanza. Njia itakunywa, kisha wanyama. Hadi Jumamosi adhuhuri kuna maji ya ngamia hamsini. Wengine watangoja Jumapili na siku zitakazofuata."

Alidhani hakusikia vizuri. "Njia itafanya nini?"

"Itakunywa."

"Unataka kuumwagia mchanga maji, mbele ya hawa." Hakuuliza, alitamka tu, neno kwa neno, ili mimi niyasikie. "Siku kumi na saba, Darmi. Hawa mama wakikosa leo, kesho maziwa yamekatika. Keshokutwa ndama wanalala chini. Unajua ndama akilala chini."

"Najua."

"Waliochimba shimo lile hawakujua hata jina la kisima hiki. Walikula wakashiba wakaondoka. Walituachia unga wao na wakatunyang'anya maji. Na leo wanaodaiwa kulipa ni ndama wangu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, ni hivyo, Mjomba. Na mimi niliongeza kosa langu juu ya lao. Sitasema ni haki, kwa sababu unaona kwamba si haki. Lakini unga ule uko wazi, na mji uko kule."

Vijana wake wawili watatu walikuwa wamekaribia na fimbo. Wangeninyang'anya ufunguo bila hata kutoa jasho, na nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu iliwaomba wafanye hivyo, ili niwe mtu aliyejaribu. Mjomba aliwatazama, akatikisa kichwa, wakarudi nyuma. Akaangalia mashariki, mahali ambapo mabati ya mji yalikuwa yakimetameta. Hakuwa na ndugu kule. Mara ya mwisho alipoingia mjini walimtoza faini kwa ngamia aliyekula ua wa shule.

"Kuna neno lingine," nikasema, na nililiogopa hili kuliko yote. "Nikiinyima njia kidogo, upepo utaichimba na maji yote yatakuwa ya bure. Nikiizidishia, nitakuwa nimewanyang'anya wanyama. Kina cha tundu kinategemea kwato. Niliwahesabu nikapotea. Nahitaji idadi."

Wanawake waliokuwa wakifungua mizigo waliacha. Shangazi yangu aliweka mkono mdomoni.

Mjomba aliweka fimbo yake chini. Aliwapa wanyama mgongo, kama mtu anayefunga mlango ili wa ndani wasisikie, akasogea karibu yangu, lakini aliposema hakunong'ona. "Mia tatu na kumi na wawili. Wakubwa. Na ndama sitini na watatu." Akatema mate pembeni, mara moja, akajifuta mdomo kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umezeeka nikiuangalia.

Nililia. Sikutaka, nikalia, mbele ya vijana, na sare yangu ya kijani.

"Usilie," akasema kwa ukali. "Umeshataka, umepata. Jaza gari lako."

*

Idadi ilithibitisha hesabu yangu: safari kumi na sita. Kobe akinyunyizia hutembea polepole kuliko mzee, na kila mwisho wa safari nilirudi kisimani nikakuta macho ya ngamia karibu mia tatu yakinitazama. Njiani nilinyunyizia: mbegu, maji, mbegu, maji, na ule weupe ukanywa kwa sauti ndogo ya kufyonza ambayo bado naisikia nikinywa chochote. Mbele yangu kilikuwa kifo cheupe kama unga wa sima, nyuma yangu utando wa kijani mwembamba ukianza kushikana. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo kwa uchungu: sijawahi kufunga jeraha vizuri vile.

Hamsini wa kwanza walipangwa na mjomba. Nilidhani ataanza na mama wenye ndama wake. Hakufanya hivyo. Kundi la mtu wa kwetu si lake lote. Kuna ngamia alioazimwa na jamaa, na marafiki, na wajane, wakae kwake watoe maziwa, nao ni amana. Aliwatoa hao kwanza, akiwaita kwa majina ya wenyewe. Huyu wa Elema. Huyu wa marehemu Tuye. Walipokunywa wote wa watu, ilikuwa imebaki zamu ya wanane tu. Akachagua mama wanane kati ya wake, haraka, bila kutazama wengine usoni.

Ijumaa alasiri, Kobe akiwa chini ya pampu, kiungo cha bomba kilikuwa kikivuja. Tone moja, tone moja. Mama mmoja mweupe, ambaye mjomba alimlea kwa mkono tangu alipofiwa na mamake, alijipenyeza akaweka midomo yake kwenye kiungo kile, akafumba macho. Niliona, nikageuka upande mwingine. Nilijiambia tone si kitu. Mjomba ndiye aliyekuja, akamshika mdomo wa chini, akamvuta nyuma taratibu. "Hayo si yako," akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkewe mgonjwa. Kisha akachukua kipande cha mpira akakifunga kiungo, akakikaza hadi kikakauka.

Upepo uliingia Jumamosi saa nane mchana, nao haukupungua. Ulikuja ukiburuta kokoto. Nilifunga leso puani kwa mara ya kwanza tangu utotoni, nikajilaza kwenye ukingo wa Ngozi nikiitazama njia kwa darubini, hadi macho yakavimba. Ule mstari wa kijani ulitikisika kama kitambaa kilichobanwa. Haukunyanyuka.

Jumapili asubuhi upepo ukiwa bado unavuma, redio iliita nikiwa kambini kwa mjomba, kando ya kisima. Sikungoja aniulize nani mgonjwa.

"Nimetoa karatasi zote za vipimo," Bosibori akasema. "Ya shuleni, ya sokoni, ya paa la zahanati. Hazikubadilika rangi, Darmi. Mchanga wa kawaida tu. Nimezipima mara mbili. Umenisikia? Ni safi."

"Nimekusikia, Daktari."

"Wamefungua shule. Watu wanataka kuja kukushukuru."

"Wasije."

Nilikuwa nimesimama kati ya mizoga. Ndama arobaini na mmoja, na mama kumi na wawili, na yule mweupe akiwa mmoja wao. Waliosalia walikuwa wakingoja zamu, wamelala, vichwa vyao vimetupwa upande wa kisima. Watoto wa kambini walikuwa wamekaa wakitafuna nyama asubuhi, badala ya maziwa. Mjomba Umuro alikuwa amepiga magoti, akimchuna ndama aliyemchinja kabla hajafa mwenyewe. Alikuwa amesikia sauti ya redio lakini si maneno.

"Anasemaje?"

"Watoto wa mji ni salama. Njia imeshika."

Kisu kilisimama. "Wote?"

"Wote."

"Vizuri," akasema. Alimaanisha. Nilimtazama nikitafuta kejeli, nikitafuta hata chembe ya chuki ya kushikilia, sikuipata, na hilo ndilo lililonivunja. Mtu akikulaani unaweza kuinuka ukaondoka.

Niliendelea kusimama na redio mkononi. Mjomba alijaribu kumgeuza ndama peke yake, mgongo ukamkatalia. Akaninyooshea mguu wa nyuma, mwembamba, bado una vumbi.

"Shika hapa," akasema. "Vuta kwako."

Nikaweka redio chini, nikashika, nikavuta.